Plasta ya Jepleting

Siku watu wa kuchangisha damu walipofika shuleni, pale nje kidogo ya Njoro, kidato cha nne kizima kilipanga foleni mbele ya bwalo. Wala si huruma tu iliyowavuta. Kulikuwa na soda na biskuti, na msichana wa bweni ukimwonyesha soda baridi atakupa hata figo.

Jepleting alitaka kubaki darasani. Alizaliwa na virusi vya UKIMWI, na pale shuleni ni matroni peke yake aliyejua. Lakini Shiko, rafiki yake wa kitanda cha juu, alimvuta mkono.

"Unaogopa sindano, msichana mzima wa Kuresoi? Wacha mchezo bana!"

Akawa njia panda. Akikataa, wataulizana kwa nini. Akienda, atarudishwa, na waliorudishwa walikuwa wakitoka bila plasta, bila soda, macho ya shule nzima yakiwasindikiza. Foleni iliposogea, naye alisogea.

Alipoketi mbele ya muuguzi, roho mkononi, alinong'ona, "Sista, mimi natumia dawa tangu nizaliwe. Tafadhali, wasijue."

Muuguzi alivuta pazia. Akambandika pamba na plasta mkononi, akampa soda. "Kunywa polepole, mami," akasema kwa sauti, ili walio nje wasikie. "Umetoa vizuri."

Jepleting alitoka akishangiliwa. Mchana kutwa alitembea na ile plasta kama mtu aliyeshinda mbio, akasahau kuogopa. Maskini!

Jioni bwenini wasichana wakaanza kubandua plasta ili walinganishe matundu ya sindano. Kabla hajakwepa, Shiko alikuwa ameshaivuta plasta ya Jepleting. Ngozi ilikuwa safi, haina hata alama.

Shiko aliitazama ile ngozi. Kisha akamtazama Jepleting usoni, muda mrefu. Jepleting aliyaona yote yakija: kitanda chake kikisukumwa kando, kikombe chake kikitengwa na vya wengine, minong'ono kila akipita.

"La Jepleting ni kubwa? Hebu tuone!" Zeddy, mwenzao wa bweni, alikuwa ameshashuka kitandani, anakuja.

Shiko aliirudisha plasta upesi, akaikandamiza kwa kidole gumba.

"Achana naye, Zeddy. Bado inatoka damu."

Kidole chake kilikuwa kinatetemeka. Lakini hakukiondoa.