Mkono Chini ya Shuka

Mjukuu wangu Sagal ana diploma ya biashara. Guleid, mtoto wa kaka yangu, aliacha shule darasa la tatu, na leo ni dalali mkubwa wa ngamia hapa soko la mifugo Garissa. Yeye ndiye amemwajiri Sagal. Msichana anamwandikia vibali vya kusafirisha mifugo na barua za wanunuzi wa Nairobi, kwa elfu nane kwa mwezi. Mchungaji wa Guleid hupata elfu nane hizohizo, na maziwa juu.

Mwanangu Kerrow, baba yake Sagal, hali hiyo ikamchosha.

"Idil naye atoke shule," akasema. "Dada yake kasoma miaka kumi na tano, analipwa kama mchungaji!"

Idil yuko kidato cha pili. Alilia mpaka chai ikapoa.

Siku ya soko nikajitanda shuka yangu pana, nikamfuata Guleid.

"Eddo, shangazi yangu! Unanunua ngamia?"

"Nauza."

"Yuko wapi?"

Nikamwonyesha Sagal, kainamia karatasi zake. Madalali wakaangua kicheko.

"Meno yote anayo," nikasema. "Lete mkono."

Sokoni kwetu bei haitamkwi. Watu hushikana mikono chini ya shuka, vidole vikasema, na aliyetoa mkono mbele ya watu hauondoi mpaka wapatane. Guleid amezoea hivyo miaka ishirini. Nilipotupa shuka, mkono ukaja wenyewe, akishtuka, nimeshaukamata. Na mimi shangazi yake, kushikana mikono si haramu, hata shekhe hana neno.

Akanishika kidole kimoja: elfu kumi. Nikamshika vinne.

"Eddo! Mchungaji nampa nane!"

"Basi mchungaji akuandikie kibali. Lori lako la Modogashe lile pale, dereva anapiga honi."

Sagal, mjanja huyo, akafunika kalamu yake.

Guleid akatazama lori. Akanishika viwili. Nikatikisa kichwa. Akavuta pumzi, akashika vitatu.

"Wallahi eddo, umenichinja. Ila mchungaji asijue."

"Atajuaje? Bei iko chini ya shuka."

Kerrow alipoonyeshwa mshahara mpya wa kwanza, aliuliza tu sare mpya ya Idil inauzwa wapi. Sagal hunipa sukari na majani ya chai kila mwezi. Dalali lazima ale.

Jana mchungaji wa Guleid alibisha hodi. Anauliza kama ile shuka yangu inaazimwa.