Dume Kwenye Pipa la Taka

Mwanangu Lwandiso aliniibia nikiwa sioni. Nasema aliniibia, na anayetaka kulipa jambo hilo jina jingine aje aniambie usoni.

Nilitoka kijijini kwetu Lusikisiki, huku Afrika Kusini, nikaenda kwake mjini Umlazi kutolewa mtoto wa jicho, nikangoja zamu ya hospitali mwezi mzima. Kwenye mkoba nilikuwa na kopo la ugoro la marehemu mume wangu, na ndani yake mbegu tisa za bangi ya bondeni kwetu. Bangi hiyohiyo ndiyo iliyomsomesha Lwandiso. Helikopta ya polisi ilipopita ikinyunyiza dawa ya kuua bangi, shamba lote lilikauka, zikasalia hizo tisa tu duniani. Nilizitunza kama mboni ya jicho.

Nilipofunguliwa bandeji, nikakuta friji bovu la jikoni linatoa mwanga. Lwandiso alikuwa ameng'oa rafu, akabandika foili kuta zote za ndani, akaning'iniza taa juu na kutoboa ubavuni tundu la feni ya kompyuta. Chini palikuwa na makopo matano ya rangi, kila moja na mche wake.

"Siku hizi sheria inaruhusu, Mama, mradi upande kwako," akasema huku anacheka. "Na helikopta haiingii jikoni."

"Mbegu umetoa wapi?"

Akaangalia viatu vyake. Nilikwenda kulitikisa kopo langu, halikulia.

"Tano ndizo zilizoota. Nitakurudishia, Mama. Mmea mmoja unatoa mbegu kibao."

"Baba yako alipanda juani kama watu. Wewe unapanda kwenye jeneza la nyama."

Kwa ajili ya ahadi ile tu nilinyamaza. Niliahirisha safari, nikawa kila asubuhi nachungulia lile friji na roho imenikaa juu. Miche ikakua, ikaanza kutoa maua. Miche minne ilikuwa majike. Dume lilikuwa moja tu.

Kisha siku moja nikaenda kupimwa jicho. Kurudi mchana, dume liko kwenye pipa la taka, juu ya maganda ya viazi, na mizizi yake.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi. Dume halina kazi, Mama. Ukiliacha linajaza mbegu majike yote. Nani atavuta mbegu? Jamaa watanicheka."

"Na mimi mbegu nitapata wapi bila dume?"

"Zinauzwa kwenye simu! Unabonyeza tu, zinakuja. Tena bora kuliko hizo zenu za porini."

Nilimtazama kwa jicho langu jipya, na nilimchukia. Mwanangu wa kumzaa, nilimchukia.

Akavaa sare yake ya ulinzi, akaenda kazini. Mlango ulipofungwa tu nikalitoa dume pipani. Lilikuwa limenyauka, lakini maua yake yalishaanza kufunguka. Nikalikung'uta juu ya kila jike mpaka mikono yangu ikawa ya manjano kwa unga wa maua yake, nikafunga friji, nikaiacha feni imalizie. Feni ile aliifunga vizuri, hilo simnyimi.

Asubuhi nikasikia ukelele jikoni.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimewarudishia mume wao."

"Umeniharibia mzigo wote!"

"Mzigo wa nani, we mwizi?"

Alitaka kung'oa yote. Nikaburuta kiti, nikakaa mbele ya mlango wa friji. "Ng'oa. Ila uanze na mimi."

Wiki tano alikula chakula changu amenipa mgongo, na mimi sikubanduka pale ila kwa kulala na kupika. Mbegu zilipokomaa nilizipukuchua mwenyewe, moja moja, kopo likajaa hadi kifuniko kikagoma. Maua yaliyobaki nilimwachia. Jamaa zake wakayavuta na mbegu chache zilizonasa humo, wakakohoa, wakacheka, na tangu siku hiyo hawakumpa nafasi ya kupumua: iko wapi nyingine?

Siku ya kuondoka alinibebea mkoba mpaka getini. Hapo akasimama, sauti imemshuka.

"Mama, niachie hata mbegu tano."

Nikaupokea mkoba wangu.

"Zinauzwa kwenye simu, mwanangu. Bonyeza tu."