Mitaro ya Mzee Handaki

Waya wa miiba ulimdaka mgongoni tena. Mzee alikuwa amelala kifudifudi, jembe kalikumbatia kifuani, akimngoja binti yake auinue waya kwa panda ya mti.

"Hilo shati nimelitia viraka mpaka viraka vina viraka," binti alisema. Alikuwa fundi cherehani, na hasira zake zote zilipitia kwenye nguo. "Ukirudi nalo bila kola, utavaa gunia."

"Inua, mama. Acha porojo."

"Unatambaa hivi kwa ajili ya maharage. Maharage ni ndugu yako?"

"Mama yako yumo mle."

Binti akainua. Mzee akapita akiburuta ule mguu usiokunjika, akajikongoja kwenye shamba lake mwenyewe kama mwizi. Mkewe alizikwa juu kabisa ya mteremko, kwenye tuta la mawe, na pembeni ya tuta kulikuwa na kipande ambacho mzee hakukilima kamwe. "Hapa ni pangu," alimwambia kila aliyeuliza, na hata asiyeuliza.

Mtaa mzima ulimwita Mzee Handaki. Aliporudi kutoka vitani alichukua mteremko ambao hakuna aliyeutaka, maana kila mvua ilihamishia udongo wote mtoni. Akachimba mitaro ya kuzuia maji, si ya kunyooka kama ya watu wengine, bali ya kona kona, jinsi alivyofundishwa kuchimba ili bomu likiangukia kona hii lisiue walio kona ile. Majirani walicheka wakashika mbavu. "Handaki, leo unapigana na nani? Fuko?" Mvua ikaja, udongo ukabaki. Kiangazi kilipowabana, wote waliomcheka walimbishia hodi, vikapu mkononi.

Kisha kambi ya jeshi iliyokuwa ng'ambo ya kilima ikaanza kunenepa. Siku moja akaja mkuu wa kambi, kijana mwenye miwani ya giza, akasimama juu ya mitaro akiitazama huku na huku. Mzee alibana visigino. Tangu avue magwanda, hakuna afande aliyewahi kumwuliza kitu.

"Nani kachimba?"

"Mimi, afande!"

"Raia hachimbi hivi."

"Mimi si raia, afande. Askari haachi kuwa askari."

Binti, aliyekuwa akipepeta maharage hatua chache kutoka hapo, alitamani kumziba mdomo kwa ungo.

Mkuu akatabasamu. "Vizuri. Basi kazi ya askari ni mali ya jeshi. Kuruta wangu watafanyia mazoezi hapa."

Kabla wiki haijaisha, nguzo zilikuwa zimesimama na waya umevutwa. Mzee akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye kila kiangazi kikapu chake ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote. Mwenyekiti alimpokea mlangoni, hakumpa hata kigoda.

"Mzee wangu, mdomo uliponza kichwa. Umejiita askari mbele ya watu. Sasa mimi nikaseme nini kule? Nikuite raia?"

Kwa hiyo asubuhi zake zilikuwa hizi za kutambaa. Siku hiyo maganda yalikuwa yamekauka, yanapasuka kwa kuguswa tu. Gunia lilikuwa limefika nusu mlinzi alipomwona.

"We kibabu! Nani kakuruhusu?"

"Navuna, mwanangu."

"Mwanao nani? Simama wima ukiongea na mimi!"

Mzee akasimama wima. Ugonjwa wake ulikuwa huo: amri ilimwingia mwilini kabla haijapita kichwani.

"Eti na wewe ulikuwa jeshini?"

"Ndiyo, afande."

"Tuone basi. Kichura!"

Binti aliung'ang'ania waya. "Kaka, mguu wake haukunjiki! Huyo ni sawa na babu yako!"

"Dada, kashone nguo."

Mzee akashika masikio, akachuchumaa pale mguu ulipomruhusu, akaruka. Akaanguka kwa ubavu. Akainuka, akashika masikio, akaruka tena. Kuruta waliokuwa karibu walicheka, halafu mmoja akaacha kucheka, akageuka kutazama pembeni. Mlinzi akaitwa kunywa chai. Akaenda zake, na njiani alikuwa akipiga mluzi.

"Baba! Ameondoka! Acha!"

"Hajasema basi," mzee alijibu, akihema.

Akaendelea kuruka kando ya mitaro yake, kona kwa kona, kichwa kimeinama. Kwenye kona ya juu akatumbukia. Binti alijipenyeza chini ya waya bila panda, nusu ya gauni ikabaki kwenye miiba. Alipomfikia, macho yalikuwa wazi na mikono bado imeshika masikio.

Msibani nyumba ilifurika. Wambea walikuwa wengi kuliko ndugu, na chai ilikuwa nyepesi kuliko wote. Kambi ilileta lori, jeneza, bendera na tarumbeta, ikamchukua marehemu mpaka kwenye geti la shamba lake, mbele ya waya. Mkuu wa kambi alisimama pale na miwani yake.

"Shujaa wetu ameondoka kwa uzee, akiwa shambani. Vijana wetu leo wanajifunza katika mahandaki aliyoyachimba akiilinda nchi hii."

Mwenyekiti alipiga makofi kwanza, ndipo wengine wakafuata.

"Kulinda nchi?" mama mmoja alimnong'oneza jirani yake. "Alikuwa analinda maharage."

Binti akasogea mbele. "Tunaomba tufunguliwe. Tunamzika kwa mama. Nafasi yake ipo."

"Pole sana," mkuu alisema. "Raia hawazikwi kambini."

"Raia? Si mlichukua shamba kwa sababu yeye si raia?"

Mkuu alimgeukia mwenyekiti. "Mweleze mtu wako."

"Mwanangu," mwenyekiti akasema, akimshika kiwiko kwa nguvu, "usituaibishe mbele ya wageni."

Risasi za heshima zikapigwa hewani. Watoto waliziba masikio. Bendera ikatolewa juu ya jeneza, ikakunjwa vizuri, ikarudishwa kwenye lori.

Binti alikuwa akitazama ndani ya waya. Maharage yalikuwa yamelala chini, yamekanyagwa. Kwenye mitaro ya kona kona kuruta walikuwa kifudifudi, bunduki zimeelekezwa juu ya mteremko, wakingoja amri. Kule juu mawe yalikuwa yameondolewa. Juu ya tuta la mama yake, kwa kuwa lilikuwa na mwinuko mzuri, ulisimama ubao wa shabaha wenye umbo la mtu.

Pembeni ya tuta, kwenye kile kipande kisicholimwa, kuruta mmoja alikuwa anachimba shimo la ubao wa pili. Jembe lake lilikuwa na mpini uliofungwa kitambaa. Binti alikitambua hata kwa mbali. Alikikata mwenyewe, kutoka kwenye shati la baba.