Chachu ya Mjomba Ignas

Jumapili baada ya misa, Veronika alifunua mtungi wa pombe ya miwa akakuta kimya. Hakuna povu, hakuna mvumo. Juisi imetulia kama maji ya kuoshea vyombo. Mtungi huo ndio uliomlisha yeye na wanawe. Alivinusa vipande vya yegea, tunda la mwegea, vilivyokuwa vikielea. Alivirithi kwa mama yake, na mama kwa bibi, na havijapata kuoshwa, maana chachu hulala humo kwenye nyuzinyuzi. Ukiviosha umemuua bibi mara ya pili. Vikichakaa, mwanamke hupanda kwenye miegea ya ukoo kule chemchemi, akaokota yegea jipya, akalilaza pamoja na la zamani lifundishwe kazi.

Akapanda. Miegea ilikuwa visiki. Mjomba Ignas, mlinzi wa ardhi ya ukoo, alikwisha kutangaza kwamba imeungua kwa moto wa nyika. Moto huo ulikuwa na adabu zake: ulikata kwa msumeno, ukajenga tanuri, ukashusha magunia ya mkaa hadi Morogoro Mjini.

Chachu ikikosa mti haikai kulia. Hutafuta penye joto na utamu. Ilihamia kwa mjomba.

Ilianzia kwapani. Povu zito lilipenya shati, likashuka mbavuni, likakauka kwenye mkanda kama ukoko wa uji. Tumbo liliumuka, likawa linavuma. Inzi wadogo wa ndizi mbivu walimfuata kama wapambe. Watu walimwamkia kama kawaida, ila walichagua upande unakotoka upepo.

"Shoga, acha kununa," Angelina, jirani yake, alimwambia Veronika. "Kaombe shati ukamulie mtungini."

"Nife kwanza."

"Utawatangulia wanao kwa njaa? Kamua huko!"

Alikwenda. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Chukua na fulana."

Alikamua uso kaugeuza pembeni. Ulitoka ute mrefu kama kamasi, na vinyweleo viwili. Hata jua halijazama, mtungi ulikuwa ukinguruma. Wanywaji wote walijua. Walifumba macho, wakanywa, wakatoa vinyweleo menoni, wakasogeza vibuyu waongezwe.

Kwenye kikao cha ukoo Veronika alisimama. "Mjomba, miegea uliikata wewe."

Ignas akajifuta povu sikioni. "Na wewe unapika nini, mwanangu?"

Wazee walicheka mpaka masharubu yao yakatoa mapovu.

Basi Veronika akashuka kwa ndugu zake upande wa Dakawa, akarudi na yegea safi, lenye chachu ya porini, akalitumbukiza mtungini. Lakini vizazi vya chachu havisubiri mahari: asubuhi babu, jioni kilembwe. Ile ya shati ilikwisha kusahau ua la mwegea na popo wanaolinyonya, ikajifunza jasho. Kufikia alfajiri ilikuwa imeila ile ngeni yote, ikalala, ikangoja shati.

Ulibaki mwegea mmoja wa ukoo, chini ya maporomoko, usio na tunda msimu huo. Mjomba aliomba ukoo umruhusu "kuusafisha." Hakuna aliyepinga. Mti huzaa kwa msimu, wazee walisema; mjomba huzaa kila siku. Veronika peke yake alinyoosha mkono, nao waliuona, wakapitisha kibuyu.

Jumamosi, akiwa uani kwake, alisikia msumeno toka maporomokoni, shati la mjomba likiwa mikononi. Alilikamua. Safari hii povu lilitoka na unga wa mbao. Akachuja pombe, akapeleka kata ya kwanza kwa mlinzi wa ardhi, kama desturi inavyotaka.

Mjomba aliizungusha mdomoni, akafumba macho, akameza.

"Inanikumbusha mtu," akasema, akanyoosha mkono aongezwe.