Mwili wa Restuta Wakataa Kupungua

Mshale wa mizani ulipanda tena. Restuta akashuka, akavua kandambili na kitenge cha juu, akapanda upya. Mshale ukarudi palepale.

"Umeongezeka, mama," alisema nesi wa zahanati. "Na ngiri yako haikusubiri."

Hilo alilijua. Kile kivimbe cha kitovuni kilimchoma kila alipoinamia magunia yake ya mchele wa Msangano sokoni Tunduma. Daktari wa Mbeya alikuwa amemwambia wazi: apunguze mwili kwanza, apasuliwe baada ya Pasaka. Utumbo ukijibana kabla ya hapo, anaweza kufa. Na mwanawe Osea alikuwa ameshamzika baba yake, Watson.

"Chipsi nimeacha, soda nimeacha," alilalamika. "Nakula mboga za majani, dona, parachichi, uji. Vyote vya afya. Au nimerogwa?"

"Uji gani?"

"Wa lishe. Mama mkwe ananipikia."

Nesi akashusha pumzi. "Huo si tunawapa watoto waliodhoofu ili wanenepe? Chakula kizuri nacho kinanenepesha, mama, ukikizidisha. Kaangalie kinachoingia sufuriani."

Restuta alipita kati ya malori yaliyopanga foleni ya kuvuka mpaka kwenda Zambia, mkono tumboni, akiomba kimoyomoyo. Uani alimkuta mama mkwe wake, Paskalina, kwenye kinu. Ungo ulijaa karanga zilizotwangwa. Jikoni matembele yalichemka mazito, hata jani halionekani.

"Mama, karanga zote hizo ni za mboga yangu?"

"Na za uji. Samli nayo natia kidogo."

"Mama! Daktari kasema nipungue!"

"Daktari haishi mtaa huu." Mchi ukasimama. "Mwanangu Watson alipoanza kukonda, walimhesabia mbavu pale bombani. Walimzika kabla hajafa. Leo na wewe ukonde? Watasema ule ugonjwa umekufuata. Nani atanunua mchele wako? Nani atamruhusu mtoto wake acheze na Osea?"

Restuta alikuwa amepima virusi, hana. Lakini nani angemwamini? Aliuchukua mkono wa bibi huyo, akaubandika kitovuni.

"Bonyeza hapo, mama. Hiki hakijali watu wanasema nini."

Paskalina aligusa kile kigumu, akautoa mkono haraka kama aliyeshika sufuria ya moto. Alikwenda jikoni akayaepua matembele.

Tangu hapo Restuta alikula mboga ya kuchemsha na ugali kidogo, uji akaacha. Mwili ukaanza kushuka, na hofu ikapanda. Kila mteja aliyemtazama mara mbili alimtia jasho.

Jumapili moja baada ya Pasaka, ibada ilipokwisha, Edina wa kwaya akamdaka mlangoni mbele ya akina mama.

"Jamani Mama Osea, mbona umekwisha hivyo? Gauni linakuvaa wewe! Unaumwa nini?"

Restuta alilivuta gauni likae vizuri. Wengine wakasogea kusikiliza.

"Anaumwa ngiri," Paskalina akajibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Anapasuliwa Mbeya wiki hii. Na chakula nampikia mimi, bila karanga. Una swali lingine, mwanakwaya, au utuombee?"

"Ah, bibi, nilikuwa nauliza tu."

Wakashuka ngazi. Paskalina alikuwa amemng'ang'ania mkono hadi unauma.

"Nimewatangazia wote," alinong'ona. "Sasa usipoamka huko baada ya kupasuliwa, mwanangu, mimi nitarudije hapa kuonana nao?"

Restuta aliuacha mkono ushikwe hivyohivyo, wakaenda nyumbani kufunga nguo za safari.