Mrumi wa Landi

Ziara ya alasiri huanza Kimaiyo akishamaliza kupekua mifuko. Kimaiyo ndiye askari wa getini, na upekuzi wake hauna pupa. Anafungua zipu, anachungulia, anatikisa chupa ya maji, kisha anawaambia wageni maneno yale yale: walichoingia nacho watoke nacho, ila wasitoke na kitu ambacho hawakuingia nacho. Hata kokoto. Ana brashi ya kukung'uta udongo kwenye viatu vya wanaotoka. Akimaliza anawakabidhi kwa Naliaka, ambaye huwa amesimama chini ya mjakaranda na mwavuli wa kijani, naye anawaongoza ndani.

Magofu ya Warumi ya Nakuru yako nyuma ya stesheni, upande wa kushukia ziwani. Yalitoka ardhini msimu wa mvua ndefu, kidogo kidogo, kama viazi vya Dundori vinavyochungulia juu ya tuta. Ilianza nguzo moja, zikafuata ngazi, halafu hamamu nzima ya kuogea, yenye sakafu ya vijiwe vya rangi vilivyopangwa vikawa flamingo. Wataalamu walikuja kutoka Nairobi, wakapima, wakakwangua, wakasema ni kazi ya Warumi bila shaka yoyote, wakaondoka kwenda kula nyama choma Gilgil. Mji haukushtuka. Watu walioona ziwa likiinuka na kuingia sebuleni mwao hawana mshangao wa kupoteza kwa nguzo. Walichouliza ni kama kutakuwa na kazi. Kazi zikatoka chache, na ya kuongoza wageni akapewa Naliaka kwa kuwa sauti yake hufika nyuma.

Kuna jambo ambalo halisemwi katika ziara. Pale palipo na hamamu palikuwa na landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja na jiko, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu. Watu waliotoka magharibi kuja kufanya kazi ya treni walizaa humo, na waliozaliwa humo nao wakazaa. Kisha tingatinga zikazibomoa zote asubuhi moja, miezi michache kabla ya mvua. Kesi ya waliofukuzwa ingali kortini, inaahirishwa tu. Wenye ardhi, ambao ndio wenye ziara, wanashikilia kwamba hapakuwa na nyumba pale, palikuwa na vichaka. Kwa hiyo maneno ambayo Naliaka aliyakariri mbele ya meneja kabla ya kupewa fulana ya kazi yanasema kwamba Warumi walikaa hapa, wakaondoka, na baada yao hapakuishi mtu. Naliaka alizaliwa hapo, safu ya pili kutoka kwenye mfereji. Huitamka sentensi hiyo kila siku.

Baba yake, mzee Makhanu, yumo katika kila ziara. Alifariki kabla landi hazijabomolewa na amezikwa kwao Bungoma, lakini hutokea kando ya hamamu wageni wakifika, amevaa koti lake la reli, bendera ya kijani ameikunja kwapani. Kazi yake ilikuwa kugeuza reli ili kila treni ishike njia yake. Sasa anatembea tu. Hatulii hata kidogo. Anapita katikati ya watu akiomba njia, anapapasa ukuta kwa kiganja, anafika mwisho, anageuka, anamuuliza yeyote aliye karibu kama ameuona mlango. Wageni humjibu kwa adabu kwamba hawajui, nao wamekuja tu kutembea. Wengine hupiga picha naye.

Naliaka anajua kosa lilipotokea. Kwao, mtu akifia ugenini, kusafirisha mwili peke yake si kumsafirisha mtu. Kabla gari halijang'oka, mtu wa damu yake husimama pale pale alipokata roho, akamwita jina kwa sauti, akamwambia yuko wapi na kwamba safari imefika. Huchota udongo kidogo wa mahali hapo akaufunga kwenye kitambaa, na udongo huo hauwekwi chini mpaka nyumbani. Mzee Makhanu alikata roho akiwa ameketi kizingitini mwa nyumba yake, juma lile walilopewa notisi. Asubuhi ya kumsafirisha, tingatinga zilikuwa zimeshaanza na safu ya kwanza. Vyombo vilikuwa vinatupwa nje, dereva wa gari la maiti anapiga honi, watu wanalia misiba miwili kwa machozi yale yale. Shangazi alimwona Sitati, kifungua mimba wa marehemu, amesimama kizingitini akisema maneno, akaridhika kwamba baba ameitwa. Lakini Sitati ameokoka, na mambo ya kuita wafu hayataki. Alikuwa anaomba tu. Naliaka alikuwa anavuta godoro. Wakaenda Bungoma, wakazika vizuri kabisa, wakalisha watu, na mzee akabaki Nakuru.

Mama yake hupiga simu kila jioni kutoka Bungoma. Halii wala halaumu. Huuliza kama mzee ametoka, na Naliaka hujibu bado. Mjane ambaye mumewe hajafika hanyolewi, na asiponyolewa haingii boma la mtu wala hapandi mbegu. Majirani walikuwa wamepanda, mahindi yao yamefika magotini, shamba la mama lingali limelimwa tu na kuachwa. Huacha mlango wa mbele wazi hadi asikie jibu la siku hiyo, ndipo aufunge. Jambo hilo lilimuuma Naliaka kuliko kufukuzwa kwenye nyumba.

Dawa aliijua. Kizingiti chao kilikuwa bado kipo. Kilichomoza kati ya flamingo wawili wa Kirumi, kipande cha saruji nyekundu kilicholika katikati kwa miguu ya watu wa nyumbani kwao. Maelezo ya ziara yalikiita madhabahu ndogo ya mungu wa milango. Lakini nje ya saa za ziara geti hufungwa, na mzee naye hatokei pasipo na watu. Hata alipokuwa hai hakupenda upweke. Angeitwa mbele ya wageni au asiitwe. Na kuita mtu si kunong'ona. Ni kusema kwa sauti kwamba hapa palikuwa na nyumba na mwenyewe ni huyu, na Naliaka angeyasema hayo akiwa amevaa fulana ya kazi yenye nembo ya wenye ardhi mgongoni. Kazi hiyo ndiyo ilikuwa inalipa kodi ya chumba chake kule Rhonda na kumlisha mama.

Picha za mzee zilipozidi kuonekana mtandaoni, meneja alimwita ofisini. Meneja ni Becky, na si mtu mbaya; siku za baridi huwaletea wafanyakazi mandazi. Alikuwa ameshaamua jambo, akawa anatafuta tu namna ya kulisema.

"Wageni wanamuulizia yule mzee sana," alisema. "Kuanzia leo utamtambulisha. Sema ni Mrumi."

"Boss, yule ni babangu."

"Najua ni babako. Lakini nikisema ni babako, si itabidi niseme alikuwa anaishi wapi? Hiyo story iko kortini, Naliaka. Iache huko."

Naliaka akatoka na kibao kipya mkononi. Kilisema Mrumi, karne ya pili, tafadhali usimguse. Alikipigilia kando ya hamamu, baba yake akamshikia msumari usipinde, maana mzee alikuwa mtu wa kusaidia kazi. Kisha akamuuliza kama ameuona mlango.

Hali ikaendelea hivyo hadi siku aliyokuja mama Bhanu. Zamani familia yake ilikuwa na duka karibu na stesheni. Sasa ni mzee wa kutembelea fimbo, na wajukuu walikuwa wamemleta apunge hewa. Naliaka alipofika kwenye kibao na kuanza maneno yake, mama Bhanu aliinua fimbo akamwelekezea Mrumi.

"Huyu Makhanu wa landi," alisema. "Alikuwa nanunua betri ya redio kwangu. Makhanu, wewe nafanya nini hapa mpaka saa hii? Hujaenda nyumbani?"

"Natafuta mlango, mama," mzee akajibu. "Niko tayari tangu zamani. Hakuna aliyeniita."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema jinsi mtu anavyoeleza kwa nini amechelewa, akaanza tena kupapasa ukuta. Wajukuu wa mama Bhanu walikuwa wakitazama simu zao. Naliaka aliona aibu iliyompanda kutoka miguuni, kwa sababu alikuwa amesimama mbele ya baba yake miezi hiyo yote akiwaeleza watu habari za maji ya moto ya Warumi. Alifunga mwavuli. Akavuka kamba, akasimama juu ya kizingiti chekundu.

"Hapa palikuwa na nyumba," aliwaambia wageni. "Nyumba ya reli. Tulikaa hapa, tukafukuzwa. Huyu si Mrumi, ni babangu, na alifia hapa nilipokanyaga."

Halafu akamwita. Alimwita kwa Kibukusu, kwa jina lake na jina la baba yake, akamwambia kwamba hapa ndipo mlangoni kwake, kwamba nyumba haipo tena lakini mlango ni huu, mama anamngoja, twende nyumbani. Sauti yake ilifika nyuma kama kawaida. Mzee Makhanu aliacha ukuta. Akatazama chini, akaona saruji yake, akaifuta kwa ncha ya kiatu. Pembeni ya nguzo palikuwa na begi lake la safari, lile la turubai, ambalo halikuwapo hapo awali, naye akaliokota. Naliaka akachota udongo kwenye ufa wa kizingiti, akaufunga kwenye leso. Wageni wakapiga makofi. Mama Bhanu peke yake hakupiga. Alimwambia Makhanu safari njema.

Walitembea pamoja hadi getini, binti mbele, baba nyuma yake, na kwa mara ya kwanza mzee hakuwa anageukageuka. Kimaiyo alikuwa anaona kila kitu. Alishaanza kutazama pembeni kabla hawajafika.

"Madam, naelewa," alisema. "Lakini hiyo udongo siwezi ruhusu. Kamera inaniona."

"Ni ya kwetu, Kimaiyo. Ni ya mlangoni kwetu."

"Ndiyo. Lakini hukuingia nayo."

Mzee Makhanu aliona mkono wa Kimaiyo ulioinuliwa, akasimama. Naliaka alimsihi apite, udongo ungefuata baadaye, angetafuta njia. Mzee alitikisa kichwa. Maisha yake yote alikuwa hajapita ishara ya kusimama, na asingeanza akiwa amekufa. Alimpa Kimaiyo pole ya kazi. Kisha akarudi na begi lake hadi kwenye hamamu, na Naliaka akafuata akaurudisha udongo kwenye ufa, kwa sababu Kimaiyo alikuwa anangoja na brashi.

Alijua kesho hana kazi, akalala akijua hivyo. Asubuhi Becky akamwita ofisini, akamkaribisha chai. Wageni walikuwa wamesifu mtandaoni, video ya mwongozaji akimwita Mrumi ilikuwa imetazamwa sana, na watu wa Nairobi walikuwa wanapiga simu kuuliza kama jambo hilo hufanyika kila siku. Becky alikuwa ameliongeza kwenye maelezo ya ziara. Baada ya hamamu, mwongozaji atasimama juu ya madhabahu na kumwita Mrumi aende zake. Wageni wabaki nyuma ya kamba. Ile sehemu ya Kiswahili, ya nyumba na kufukuzwa, iliondolewa. Ile ya Kibukusu ilibaki vilevile, kwa kuwa Becky alikuwa amewaambia wageni kwamba ni Kilatini.

Wakili wa watu wa landi aliipeleka video kortini iwe ushahidi. Korti ikasema burudani ya watalii si ushahidi, ikaahirisha.

Kwa hiyo siku hizi, kila alasiri, Naliaka hupanda juu ya kizingiti cha kwao akasema ukweli wote kwa sauti, kwa Kibukusu, na watu hupiga makofi. Mzee Makhanu huacha ukuta, huona mlango wake, huokota begi. Hafanyi mzaha wala hachoki. Kila siku huvifunga vifungo vya koti hadi juu, kwa kuwa kila siku anasafiri. Hutembea hadi getini, Naliaka mbele na udongo kwenye leso, Kimaiyo akainua mkono huku akitazama barabarani, na mzee akasimama. Kuna siku Kimaiyo alimwambia, pole mzee, labda kesho. Mzee akamjibu kwamba reli ni uvumilivu.

Jioni simu ya Bungoma huja Naliaka akiwa bado anakusanya miavuli.

"Ametoka?" mama aliuliza siku ile ya kwanza ya kumwita.

Naliaka alitaka kusema bado, ikamshinda. Alimwambia kwamba ameitwa, amebeba begi, na amefika hadi getini.

Nyuma ya mama kulisikika upepo ukipita kwenye mahindi ya majirani.

"Basi yuko njiani," alisema. "Nitamwekea maji ya kuoga. Mlango leo sifungi."

Hajaufunga hadi leo. Hajanyolewa, shamba halijapandwa, na maji huyabadilisha kila asubuhi yakishapoa.