Karatasi ya Kilo Kumi na Tisa

Jumanne saa tatu asubuhi Mama Florentine alifika kwenye depo ya Patroni Dodo, barabara ya kwenda Kingamyambo, ordinateri yake, kompyuta ya mkononi, ikiwa ndani ya kikapu, chini ya mafungu mawili ya majani ya sombe. Alifuta vumbi la kijani mezani, akatafuta tundu la umeme, akalipata nyuma ya friji ya bia. Umeme ulikuwapo. Akaketi.

Kazi yake mji mzima wa Kolwezi unaijua. Tangu serikali iseme kila mwenye biashara atoe fakitire, risiti ya mashine, yenye namba na kile kiraka cha vidoa vyeusi ambacho simu inakisoma, watu walimkimbilia kama mkunga. Aliwawekea programu ya hesabu, akawaonyesha pa kubonyeza, akawafuta jasho. Mwenye duka la dawa, muuza misumari, hata yule mama anayeleta vitenge kutoka Dilolo, wote walijifungua salama.

Depo ya Dodo ilinunua mawe ya shaba na kobalti kwa vijana wanaochimba kwa mikono. Vijana wale hawana namba ya kodi, kwa hiyo mashine ya depo ndiyo iliyoandika kwa ajili ya pande mbili: karatasi moja ya mchimbaji, nakala moja ya depo. Florentine alitakiwa kuitazama siku tatu, kisha aandike atestasio, yaani hati ya kusema kwamba depo iko sawa na sheria. Bila hati hiyo, watu wa kodi wangekuja Ijumaa na kufuli.

Wa kwanza kuleta mfuko alikuwa Kyungu, mchimbaji mwenye kifua kama mlango, pamoja na mwenzake Mbayo. Mizani ilisema kilo sitini na mbili. Florentine aliandika sitini na mbili, akabonyeza. Mashine ya kuchapa ilikohoa, ikatoa karatasi mbili. Ya depo ilipepea mpaka mezani kama nyoya la kuku. Ya Kyungu ilitoka polepole, ikainama, ikaanguka chini, ikaacha kishimo kwenye sementi.

"Kamata fakitire yako, tata," Florentine akamwambia.

Kyungu aliinama, akavuta, akavuta tena. "Iko muzito, mama."

"Iko mupya," Dodo alisema bila kutoa macho kwenye simu yake. "Kitu kipya kiko kizito. Utazoea."

Kyungu na Mbayo waliishika huku na huku, wakaifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira. Tairi likakaa chini.

Mpaka mchana karatasi kumi na nne zilikuwa zimetoka, na kila moja ilikuja na uzito ule ule. Wachimbaji walipanga mstari, kila mtu na kata ya kitambaa kichwani tayari, kama wanawake wanaosubiri maji. Waliochoka njiani waliziweka chini wapumzike, na kila mahali zilipokaa udongo ulibonyea. Saa nane mvua ndogo ilipita, ikajaza vile vishimo maji ya rangi ya shaba, na mabata wa mtaa wakaja, mmoja kwa kila shimo, wakatulia humo macho yamefumba. Barabara yote ililala namna hiyo mpaka jua liliporudi.

Florentine alienda kununua unga wa bukari kwa Mama Ernestine, muuza unga. Alimkuta Kyungu pale, fakitire yake iko juu ya balanse, ile mizani ya unga.

"Kilo kumi na tisa," Ernestine alisema. "Na mufuko yenu ya asubui nilipima hapa hapa, kabla muende kwa Dodo. Makumi munane na moja." Alijipangusa unga mikononi. "Mama Florentine, weye mwenye masomo, fungua kitendawili hiki. Kinatoka mu shimo kizito, kinafika ku depo chepesi, na mu njia hakuna mutu alikula."

"Ni mawe."

"Apana. Nipe mji."

"Kamata Likasi."

"Likasi nimekamata, nimekula na samaki yake. Jibu ni balanse ya Dodo."

Walicheka wote watatu, Kyungu kidogo kuliko wengine.

Siku iliyofuata Kyungu alirudi na ile karatasi, akaiweka juu ya mizani ya depo aiuze. Sementi chini yake ilipasuka. Mizani ilisema sifuri.

"Balanse yangu haijue karatasi," Dodo alimwambia kwa upole. "Lakini fakitire chunga vizuri. Sheria inasema miaka kumi."

Florentine alingoja watu watoke. "Patroni, balanse yako inakula."

"Inakula kidogo, mama. Iko na njaa ya uzee." Akamfungulia soda.

Alhamisi baada ya chakula Florentine aliandika atestasio. Aliandika kwamba programu inafanya kazi, namba zinafuatana, nakala zinahifadhiwa. Mwishoni aliongeza: Mizani ya depo inapunguza kilo kumi na tisa katika kila mfuko. Alichapa. Karatasi ilitoka nyepesi kabisa. Upepo wa feni uliibeba, ikazunguka chumba mara mbili, na ilimbidi asimame juu ya kiti ili aikamate. Aliisoma kwa sauti mpaka mwisho, akaishika kifuani. Kilikuwa kitu kizuri kushika.

Alipogeuka, Kyungu na Mbayo walikuwa mlangoni, kofia mkononi, na wengine kama ishirini nyuma yao.

"Mama, ile utapeleka?" Kyungu aliuliza.

"Kesho asubui."

"Na kisha banafunga."

"Banafunga, na Dodo analipa zile kilo zenu mbele ya tribinali."

Kyungu alitazama kofia yake. "Mama, njaa haingojee tribinali. Bibi yangu atazala mwezi huu. Kesho tutauzisha wapi? Ile depo ingine banakamata nusu ya mufuko, na juu yake banatukana bamama yetu. Dodo anaiba, lakini anaiba na heshima."

"Anasalimia," Mbayo alisema.

"Anauliza na batoto."

"Na kilo zenu je?" Florentine aliuliza.

"Zile tunazo, mama. Ziko mu karatasi." Kyungu alisema bila utani. Moja ilikuwa juu ya bati lake, na tangu Jumatano upepo haukulifunua. Nyingine ilizuia mlango. Mama yake Mbayo aliitumia kukandamiza mihogo.

Wengine walitikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyemlazimisha. Walisimama tu, kama watu wanavyosimama hospitalini kumngoja daktari atoke.

Florentine alirudi mezani. Alisoma mstari wa mwisho mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa midomo. Maneno kumi na moja. Aliyafuta moja moja, kuanzia mwisho, na neno mizani ndilo lililokaa pale peke yake kwa muda kabla hajalifuta nalo. Akabonyeza.

Mashine ilikazana. Taa za depo zilififia, friji ikanyamaza, kana kwamba Nzilo nzima, bwawa la umeme na maji yake, inasukuma karatasi ile moja. Ilipotoka, mguu wa meza ulivunjika. Hati ilikuwa fupi, safi, na mwisho wake ilisema depo iko sawa na sheria. Florentine alipiga magoti sakafuni akatia sahihi.

Asubuhi ya Ijumaa alifungua kitenge chake cha pili. Kyungu na Mbayo waliinua hati, wakaiweka mgongoni mwake, naye akainama mbele kidogo, akavuta kitenge, akakaza fundo kifuani jinsi alivyofanya kwa watoto wake wanne. Akashika njia ya ofisi ya kodi. Nyayo zake ziliingia kwenye lami, na watu wa baiskeli walizikwepa.

Karibu na reli, mwanamke muuza makaa alimpisha.

"Mama, pongezi! Ni mwanamuke ao mwanaume?"

"Ni atestasio."

"Aaa. Inalala?"

"Inalala."

"Basi tembea pole, isiamuke."

Florentine akatembea pole. Nyuma yake Dodo alikuwa amekwisha kufungua depo. Alimsalimia kila mtu kwa jina, akauliza watoto wameamkaje, akapandisha mfuko wa kwanza juu ya mizani.